Yai Juu ya Miguu

Mie nauza barafu, Wete, nyumba ya tatu kutoka sokoni.
Friza mbili: moja yangu, moja ya dada yangu Mkasi
aliyekwenda Maskati na hajairudia.
Magharibi najaza mifuko, nafunga fundo.
Alfajiri wachuuzi wa samaki wanagonga dirisha,
Shaame mabonge kumi,
Ngwali sita na deni la juzi.
Basi barafu naijua.
Naijua inavyolia ikishika,
inavyotoka jasho ikitaka kuniacha.
Sikujua kama kuna wanaozalia juu yake.

Jana Haitham katoka skuli, mkoba hajautua:
"Mama, ngwini umewahi kuwaona?"
Nikamwambia labda, kama wananadiwa sokoni.
Akafungua daftari.
Ndege amesimama wima kama bwana harusi,
kanzu nyeupe, joho jeusi,
ana mbawa na haruki,
kwao kusini kabisa, bahari inakoganda
mpaka ikatembewa.

Jike hutaga yai moja, akamkabidhi dume,
akaenda zake kutafuta chakula.
Dume huliweka juu ya miguu, akalifunika kwa tumbo,
akasimama.
Miezi miwili. Hali kitu. Na jua halichomozi.

"Dume?" nikauliza.
"Dume, mama."
Nikamwita Bi Zuwena, ukuta wa pili, aje asikie.
Akaja na mwiko mkononi.
"Wangu mie," akasema, "mtoto kumpakata
mpaka atafutiwe mto, feni na shahidi."
Tukacheka hadi tukashikana.

Haitham hakucheka. Akafunua ukurasa.
Siku hizi, akasoma, barafu inavunjika mapema.
Vifaranga bado wamevaa sufi,
sufi inakunywa maji,
manyoya ya kuogelea hayajaota.
Barafu ikikatika chini yao, wana

Hapo pameishia.
"Wana nini?"
"Kengele ililia," akasema.

Na huko kusikofika mtu, wanahesabiwaje?
Kwa doa, mama.
Chombo kiko juu angani kinapiga picha,
ndege hawaonekani, yanaonekana mavi yao,
doa la kahawia juu ya weupe.
Mwaka huu doa lipo.
Mwaka wa pili limepungua.
Mwaka wa tatu pamekuwa peupe, pe!

Mie ninayesugua sakafu kila Ijumaa
sijapata kusikia usafi wa kutisha namna ile.

Saa tano usiku umeme ukakatika.
Nikazivika friza magunia, blanketi,
na kanga mbili nzuri.
Asifungue mtu mlango, nikasema,
baridi ikitoka hairudi kwa kuitwa.
Haitham kachukua yai kapuni,
kaliweka juu ya vidole vya miguu,
anajikokota kutoka friza hadi mlangoni.
La kwanza likapasuka kwenye mkeka.
La pili kizingitini.
Yai moja shilingi mia tano.
Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkaripie.
Nikamshikia tochi.

Gizani nikasikia friza ya Mkasi: to. Kimya. To.
Nikamkumbuka mama na bonde lake la mpunga,
mwaka bahari ilipopanda kuja kuonja,
mashina yakasimama mekundu, hayakuzaa tena.
Alikwenda kila asubuhi hivyo hivyo,
na jembe, akasimama.
Sisi hakuna aliyetupiga picha kutoka juu.

Umeme ukarudi saa kumi.
Maji yaliyokuwa yameanza kwenda yakakamatwa njiani.
Haitham kalala chini, yai la tatu
zima, katikati ya nyayo zake.
Sikumwamsha. Sikulichukua.

Shaame akagonga. Akaligeuzageuza bonge kwenye mwanga:
"Mbona leo lina shimo ndani?"
Lilikuwa nalo, la ukubwa wa ngumi ya mtoto,
limejaa hewa.
Nikamwambia chukua, bei ile ile.